Mkono Uliobaki Kwenye Picha

Rahmo alipata habari za kifo chake akiwa ananyonyesha.

Ilikuwa asubuhi, jua la Majengo likiwa halijavuka paa la bucha, na Isaack alikuwa amelishika titi kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Mama mkwe wake, Mama Dhahabo, ndiyo kwanza alikuwa amemrudishia simu. Tangu siku ya msiba simu hiyo ilifungiwa kabatini pamoja na vikombe vya wageni, kwa sababu, alivyosema mama huyo, mjane aliye kwenye eda hana shughuli na kelele za watu. Rahmo hakubisha. Siku zile za kwanza hakuwa na nguvu za kubishana, na sauti pekee aliyotaka kuisikia kwenye simu ilikuwa ya mtu ambaye hangepiga tena. Lakini sasa mtihani ulikuwa unakaribia. Ulikuwa mtihani mmoja tu, wa mwisho, na alikuwa ameufuata kwa masomo ya jioni tangu kabla hajaolewa, akaufuata na mimba, akaufuata na mtoto mgongoni. Baada ya huo angekuwa mwalimu wa chekechea mwenye cheti chake. Bila huo alikuwa mjane wa watu, anayekaa kwenye chumba cha ndani nyumbani kwa watu. Ndiyo maana aliomba simu. Aangalie tarehe tu, alisema, kisha airudishe.

Akafungua ukurasa wa chuo, akakuta uso wake.

Ilikuwa picha ya harusi. Hina mpaka kwenye viwiko, shela ya rangi ya dhahabu, na tabasamu la msichana ambaye hajui lolote. Kando wamechora mshumaa unaowaka. Chini yake wameandika kwamba Chuo Kikuu cha Thuci kinaomboleza kwa huzuni kubwa kumpoteza mwanafunzi wake mpendwa, Rahmo, wa masomo ya jioni, tawi la Meru. Halafu, kwenye mstari wa peke yake: Tuambie kwenye komenti, wewe utamkumbuka kwa lipi?

Na watu waliwaambia. Komenti zilikuwa nyingi hata kidole kikachoka kuzisukuma. Lala salama, malaika. Mungu huchuma maua mazuri kwanza. Mmoja alimkumbuka kwa ucheshi wake darasani, na Rahmo, ambaye miaka yote alikaa karibu na mlango ili awahi kurudi kwa mtoto, hakumbuki kumchekesha mtu. Mwingine alisema hatasahau alivyokuwa akiimba kwaya. Wengine hawakuandika kitu, walipachika tu vile viuso vya kulia, vitatu vitatu. Katikati ya vilio hivyo mganga mmoja alikuwa ameweka namba yake ya simu, kwamba anarudisha wapenzi waliopotea.

Rahmo alicheka. Kicheko kilitoka kama kikohozi, na Isaack akaachia titi akamtazama.

Ndipo akauona ule mkono. Picha yenyewe ilikuwa ya watu wawili. Mtu alikuwa ameikata vizuri, akamtoa Shueib, mumewe, pamoja na kanzu yake na kofia yake ya kufumwa, lakini hakuweza kuutoa mkono bila kumkata na Rahmo bega. Basi akauacha. Ulikuwa pale, juu ya bega lake la kushoto, na ile saa yake ya kamba ya ngozi, mkono usio na mwenyewe.

Shueib alikuwa akisafirisha miraa. Akipakia Kangeta, anateremka nayo kupitia Meru mpaka Embu na kuendelea, na kila mtu wa pande hizi anajua gari la miraa halingoji mtu. Siku hiyo halikufika hata Embu. Lilimshinda kwenye kona za daraja la Nithi. Habari zilikuja alfajiri, mwili ukaletwa adhuhuri, na alasiri walikuwa wameshamzika, kama ilivyo kwao. Majirani zao Wameru walishangaa, kama wanavyoshangaa kila mara. Kwao maiti hukaa mochari wiki nzima au zaidi, kamati inakaa kila jioni, picha ya marehemu inachapishwa na kubandikwa hadi kwenye nguzo za stima, na siku ya maziko watu wanakodi basi. Mtu akifa kwao unajua ni nani, hata ukiwa humjui. Kwa akina Rahmo hakukuwa na picha kwenye nguzo wala kamati. Watu wa chuo waliposikia kuna msiba, udongo ulikuwa umeshakauka, na hakuna mwenzake hata mmoja aliyesimama kaburini akaona ni nani anayeteremshwa.

Na chuo nacho kilikuwa kimebadilika. Makao makuu yako Embu. Tawi la Meru ni orofa ya kupanga juu ya duka la vyombo. Zamani kulikuwa na mbao za matangazo ngazini, zimejaa karatasi mpaka huoni mbao. Mwaka uliotangulia waliziondoa. Kulifunguliwa ofisi mpya Embu ya kuwafuata wanafunzi huko huko waliko, kwenye simu zao, na tangu hapo ratiba, matokeo, karo, kadi ya mtihani, kila kitu kikawa kwenye ukurasa na kwenye magrupu. Hata walimu waliacha kuita majina. Mwalimu anatupa swali kwenye grupu, na ukiweka alama ya mkono ulioinuliwa, basi umehudhuria. Lilikuwa jambo jema kwa mtu mwenye mtoto, Rahmo mwenyewe alilisifu. Jioni ambazo Isaack alikuwa na homa alihudhuria akiwa jikoni, anakoroga uji kwa mkono mmoja. Hakuwahi kufikiri kwamba darasa lisiloita majina halijui nani hajaja.

Asubuhi ile alijaribu kuingia kwenye grupu la darasa. Alikuwa ametolewa. Aliyemtoa ni Njura, kiongozi wa darasa, mwalimu wa shule ya msingi huko Kianjai, mtu mzima mwenye adabu zake. Na kabla ya kumtoa aliandika kwamba anafanya hivyo kwa heshima zote, kwa sababu si vizuri namba ya marehemu iendelee kupokea vichekesho. Rahmo akampigia. Hakushika. Akamtumia ujumbe wa sauti: Mwalimu Njura, ni mimi Rahmo, mimi mzima, aliyefariki ni mume wangu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kulia siku nyingi, hata yeye alipoisikiliza hakuijua. Jibu lilikuja upesi.

"Wewe mwizi, hata maiti humwachi? Nilijua tu mtaanza kutumia simu yake. Mwogope Mungu, kijana."

Kisha akamfungia asiweze kumwandikia tena.

Akauandikia ukurasa wa chuo. Aliandika, akafuta, akaandika tena, kwa sababu si jambo ambalo mtu amewahi kufundishwa namna ya kulianza. Mwishowe akaandika: Mimi Rahmo niko hai. Naomba mtoe tangazo hilo, na naomba kadi yangu ya mtihani. Kabla hajashusha simu jibu lilikuwa limefika, na kiuso kinachotabasamu. Habari mpendwa! Asante kwa kuwasiliana nasi. Maoni yako ni muhimu sana kwetu. Akaandika mara ya pili, akajibiwa vile vile, herufi kwa herufi. Akafungua mahali pa kuchukulia kadi, akaweka namba yake ya usajili. Akaunti hii imefungwa.

Mama Dhahabo alimkuta amekaa na simu mapajani, mtoto amelala vibaya, kichwa kimening'inia. Alimchukua mtoto kwanza. Halafu akauliza kuna nini, na Rahmo akamwambia. Mama yule hakuelewa ukurasa wala komenti, lakini alielewa kwamba mwanawe amekufa na wanaoliliwa ni wengine. Alitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Huyu ni Shueib," alisema, akigusa mkono kwenye kioo. Simu ikafikiri anabonyeza, ikaongeza laiki moja.

*

Aliyekuja ni Gatwiri. Yeye na Rahmo walikaa dawati moja tangu mwanzo, na alifanya kazi ya kupanga maua kwenye shamba moja huko Timau, ambako baridi ya mlima inaingia mpaka kwenye kucha. Hakuwa mwepesi wa kuandika kwenye grupu. Alingoja ruhusa kazini, akanunua unga na ndizi mbivu, akateremka Meru akaulizia nyumba. Mlangoni aliomba kuonana na mama wa marehemu. Mama Dhahabo akasema ndiye, akamkaribisha, na Gatwiri akakaa mkekani akamwambia pole nyingi, akamtazama Isaack anatambaa, akaanza kulia, akisema mtoto mdogo hivi, atanyonya wapi sasa.

Rahmo alisikia sauti hiyo kutoka chumba cha ndani. Akajifunga vizuri, akatoka, akasimama mlangoni.

Gatwiri hakupiga kelele. Ndizi zikamteleza mapajani. Kisha akainuka polepole, akaja akamshika Rahmo mikono yote miwili, akaibonyeza bonyeza kama mtu anayechagua maembe.

"Mama Isaack," alisema mwishowe. "Mimi nimekulilia huko kwenye maua mpaka msimamizi akanipa likizo. Nitamwambia nini huyo mzee?"

Ilikuwa mara ya kwanza Rahmo kucheka sawasawa tangu msiba, na kicheko kiligeuka kilio hapo hapo, wakalia wote wawili, na Mama Dhahabo akawatazama akatikisa kichwa akaenda kuweka chai.

Baadaye ilikuja kujulikana ilivyokuwa. Mwenzao mmoja wa Majengo alimwambia Njura kuna msiba kwa akina Rahmo. Njura akaupeleka Embu kwa ofisi ile, na kwa kuwa walitaka picha, akatuma ya harusi, iliyokuwa kwenye wasifu wa Rahmo, bila kuuliza aliyefariki ni nani. Huko Embu kijana wa ofisi aliona jina la mwanafunzi, akaona bibi arusi, akajua yote aliyohitaji kujua. Picha ikibandikwa na msiba, picha ni ya aliyekufa. Nani asiyejua?

Gatwiri akaandika kwenye grupu siku ile ile kwamba Rahmo yu hai, amemwona kwa macho, amemshika. Wengine wakashangilia kwa viuso vya kucheka. Wengine wakasema Gatwiri naye simu yake imeibwa. Kisha mmoja akaandika, na wengi wakamwunga mkono: tuwekee picha yake ya leo, bila picha hatuamini.

Mama Dhahabo alikataa. Hakugomba. Alisema tu kwamba mwanamke aliye edani hajipambi, hajitokezi, na uso wake si wa kupita mikononi mwa watu wasiojua hata jina la mumewe. "Kama ni kuja, waje," alisema. "Mlango tunao."

Hakuna aliyekuja. Siku zikawa zinakwenda, na mtihani unakaribia. Gatwiri alikwenda tawi la Meru akaambiwa akaunti iliyofungwa hufunguliwa Embu peke yake, na mwenyewe afike na kitambulisho. Rahmo akamwuliza Mama Dhahabo. Mama Dhahabo, kwa shingo upande, akamtuma Abdi, mdogo wake Shueib anayeuza nyama kwenye bucha, kwa Maalim Idrisi wa msikitini akaulize. Maalim akajibu kwamba mwenye haja ya lazima atoke mchana, arudi nyumbani kabla ya magharibi. Hapo Rahmo akapata tumaini, na hapo hapo likapata kasoro, kwa sababu mtihani wa masomo ya jioni hufanywa jioni, na ungekwisha giza limeshaingia. Lakini karatasi ile ile hufanywa Embu na wanafunzi wa mchana, asubuhi. Wakimkubalia afanye na hao, Abdi alisema, atamwendesha hata kama ni kutoka alfajiri. Basi alikuwa na mambo mawili ya kwenda kuomba: kwamba yu hai, na kwamba aruhusiwe kuwa hai asubuhi.

*

Walikwenda siku moja kabla ya mtihani, kwa sababu gari la bucha halikupatikana mapema. Abdi mbele, Rahmo na Mama Dhahabo nyuma, Isaack katikati yao amelala. Kwenye mteremko wa Nithi Abdi alipunguza mwendo mpaka malori yakaanza kupiga honi. Mama Dhahabo alishusha ushungi wake akamfunika mtoto uso, ingawa mtoto alikuwa usingizini.

Ofisi ya usajili ilikuwa na mwanamke anaitwa Madam Nelius, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Aliweka namba kwenye kompyuta, akatazama kioo, akamtazama Rahmo, akarudi kwenye kioo.

"Hapa umeandikwa marehemu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Rahmo alisema anajua.

Madam Nelius hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamwuliza mtoto ana umri gani. Alieleza kwamba taarifa ilitoka ofisi ya mtandao, naye hana uwezo wa kuifuta mpaka ofisi hiyo iandike ilikosea. Na hata wakiandika, akaunti itafunguliwa, lakini majina ya watahiniwa wa kesho yameshafungwa. Kuyafungua ni mpaka naibu mkuu wa chuo mwenyewe aseme. Rahmo aliuliza naibu mkuu anapatikana wapi. Madam Nelius akatabasamu kidogo, akasema siku hizi hata wao humpata kupitia Mukiri.

Mukiri ndiye aliyekuwa ofisi ya mtandao. Alikuwa kijana mwembamba, viatu vyeupe, na meza yenye simu tatu. Mama Dhahabo alibaki ukumbini na mtoto. Mlango wakauacha wazi. Rahmo alipojitambulisha, kijana alisimama akashika kichwa. Aliomba msamaha, tena kwa dhati, akasema hajalala tangu asikie fununu kwamba kuna makosa. Rahmo alimwamini. Kisha akauliza kwa nini basi tangazo bado lipo.

Mukiri alikaa. Akageuza kompyuta ili Rahmo aone. Kulikuwa na mchoro, mstari unaotambaa chini chini mwaka mzima kama nyoka mvivu, na mahali pamoja ukapanda ghafla mpaka juu kabisa.

"Hii hapa ni wewe, dada," alisema. "Tangu tuanze hatujawahi kupata posti kama hii. Tumeweka maswali, tumeweka mashindano, zawadi, watu kimya. Hii watu waliongea. Naibu mkuu ameipeleka kwenye baraza kuonyesha kwamba wanafunzi wetu wameunganishwa. Nikiifuta sasa, nitasema mstari umekwenda wapi?"

Lakini Mukiri alikuwa ameshafikiria njia. Macho yake yaling'aa, na Rahmo aliona kwamba hakuwa na ubaya moyoni, alikuwa kijana anayependa kazi yake. Wafanye video, alisema. Fupi tu. Rahmo aseme yu hai, anakipenda chuo chake, anarudi kufanya mtihani. Watu watalia tena, sasa kwa furaha. Naibu mkuu akiiona hiyo atafungua majina leo leo, kwa mkono wake mwenyewe, na kesho asubuhi Rahmo yuko ukumbini na kalamu. Bila hiyo, yeye Mukiri ni kijana wa picha tu. Anaweza kuandika kwamba walikosea, basi, mambo mengine yafuate utaratibu.

"Na utaratibu ni lini?"

"Awamu ijayo. Mwakani."

Rahmo aliyafikiria. Asije mtu akasema hakuyafikiria. Alifikiria chumba cha ndani, na mwaka mwingine ndani yake. Alifikiria watoto wa chekechea ambao alishawapa majina kichwani, jinsi atakavyowapanga, wafupi mbele. Maneno yenyewe yalikuwa machache, uso angeuziba nusu, na mambo yangekwisha. Akasikia Isaack ukumbini anamwita kwa lugha yake isiyo na maneno. Akasema haya.

Mukiri akainuka haraka, akafunga pazia, akaweka simu kwenye stendi yake. Kwenye kompyuta alifungua lile tangazo ili Rahmo akae kando yake, alisema, ionekane hapo alikuwa ameliliwa na hapa yuko. Uso wa bibi arusi ukajaa kioo kizima. Ulikuwa mkubwa kuliko alivyowahi kuuona. Na mkono ulikuwa mkubwa vile vile, hata mikwaruzo ya kamba ya saa ilionekana, na ule ukucha wa kidole gumba uliobanwa na mlango wa gari.

"Mukiri," Rahmo alisema. "Huu mkono ni wa nani?"

Kijana aliinama akatazama. Alikuwa ameikata picha hiyo mwenyewe, akaikuza, akaichorea mshumaa, lakini alitazama kama anayeuona leo.

"Sijui," alisema. "Wa mtu wa harusi, labda."

"Huyo ndiye aliyekufa."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Mkono wa Mukiri ulikwenda kwenye kompyuta ukarudi, kama mtu aliyetaka kufunika maiti akakosa shuka.

Rahmo alisema anaomba aandike tu kwamba walikosea. Video hataki. Na hiyo picha aitoe, kwa sababu picha zao si kumi wala mia, ni hiyo moja tu waliyopiga siku ile kabla mvua haijanyesha. Alisema hayo kwa upole, akashangaa kwamba hana hasira. Kijana aliandika. Vidole vyake vilikosea herufi mara nyingi, akawa anafuta.

*

Walikuwa wameshapita Chuka ndipo Mama Dhahabo alipouliza. Rahmo alimweleza yote, pamoja na video.

"Kwani hukukubali?" mama yule aliuliza. Akamrekebisha mtoto. "Mimi ningenuna siku mbili. Ningekusamehe."

"Sikukataa kwa ajili yako, Mama."

Mama Dhahabo aligeuka akatazama nje, migomba inapita. Walipokaribia daraja alimwambia Abdi aegeshe pembeni. Walishuka wakasimama kwenye nyasi, mikono wameikunjua, Abdi akasoma dua kwa sauti ambayo malori yaliimeza. Jua lilikuwa bado liko juu. Walifika nyumbani kabla ya magharibi.

Asubuhi ya mtihani Rahmo alifua nguo zote za Isaack, hata zilizokuwa safi. Jioni, saa ambayo wenzake wa Meru walikuwa wanapanda zile ngazi juu ya duka la vyombo, alikaa kitandani akasikiliza mji. Aliomba simu. Tangazo lilikuwa limeondolewa. Hakukuwa na masahihisho, wala samahani. Mahali pake palikuwa na picha ya lango la Embu, na swali: Je, lango letu jipya tulipake rangi gani? Komenti zilikuwa chache. Wale wote waliomlilia hawakuambiwa kitu, na wengine, Gatwiri alimwambia baadaye, bado wakikutana na yeye Gatwiri humpa pole ya kufiwa na rafiki yake.

Gatwiri alikuja Jumapili. Safari hii hakuja peke yake. Njura alikuwa naye, amevaa koti la ibada, na kwa kuwa haikufaa aingie kwa mwanamke wa eda, aliketi nje kwenye benchi la bucha, akanunua nyama ambayo Abdi alisema si ya mtu mmoja, akamtuma Gatwiri aingie na maneno yake. Maneno yenyewe yalikuwa marefu. Kwa kifupi yalisema kwamba alimwita mwizi, na tangu hapo mkate haumpiti kooni.

"Mwambie ale," Rahmo alisema. "Mwalimu mkondefu watoto hawamwogopi."

Gatwiri alikuwa amebeba karatasi ya mtihani, imekunjwa kwenye kitambaa kama chapati. Akaikunjua mkekani. Alisema mwakani karatasi itakuwa nyingine, lakini mwalimu ni yule yule na akili yake wanaijua. Basi wafanye hii sasa, kila Jumapili swali moja, yeye asome, Rahmo ajibu, na mahali watakapokwama watamwuliza Njura huko nje kupitia dirishani, si anasema hana amani, apewe kazi.

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwenye ukurasa wa chuo. Habari mpendwa! Ombi lako limeshughulikiwa. Umeridhika na huduma yetu? Tafadhali tupe nyota. Rahmo alimwonyesha Gatwiri, wakatazamana. Mama Dhahabo akanyoosha mkono, akaichukua simu, akaenda nayo kabatini. Aliporudi alikuwa ameshika kitu kingine, picha ya harusi, ile ya karatasi, nzima, na Shueib ndani yake amesimama na kofia imekaa upande. Aliisimamisha ukutani, mahali ambapo mtoto hafiki, akakaa chini na mchele wake wa kuchambua.

"Swali la kwanza," Gatwiri alisoma. "Mtoto mmoja darasani ameacha kuzungumza na wenzake. Eleza mambo ambayo mwalimu atafanya ili kumsaidia."

Rahmo alifumba macho. Isaack alikuwa ameshakamata pembe ya karatasi, anaitafuna.

"Kwanza," alisema, "mwalimu ainuke pale alipo."

"Halafu?"

"Ngoja. Usinikimbize."